Nyumba ya Nailoni ya Simioni Heche

Simioni Heche alihamia kijijini kwetu mwezi wa kumi mwaka 1974, katika zile siku za kuhamia vijiji vya ujamaa, akiwa na mke wake Bhoke, watoto watatu, ng'ombe wanne na kibuyu cha mbegu za kahawa. Vyombo vilipakiwa kwenye lori. Kibuyu alikibeba mwenyewe.

Kule bondeni walikotoka alikuwa na miti ya kahawa aliyoachiwa na baba yake, mahali pa joto, pamekingwa na kilima pande mbili. Kijiji kipya kiliwekwa juu kabisa ya mlima, upande wa Muriba, ambako zamani tulipeleka ng'ombe malishoni na kurudi. Mwezi wa sita ukiingia, ukungu hauondoki mpaka saa tano, na upepo wake unapita hata kwenye blanketi.

Simioni aliomba kamati ya kijiji impe eka moja karibu na chemchemi. Walimpa kwa sharti. Mvua za vuli za mwaka uliofuata zikimkuta na miche mia tano iliyo hai, eka ni yake ya kahawa. Zikimkuta hana, eka inaingia kwenye shamba la pamoja la mahindi. Alikubali bila kuuliza swali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani wengi walichukulia kwamba hakuelewa.

Alisia mbegu mwezi wa kumi na mbili. Zilipoota, akahamishia miche mia sita kwenye vikopo alivyoshona kwa magome ya migomba. Bwana shamba wetu, Projestus, kijana wa Bukoba aliyekulia kwenye kahawa, aliitazama akasema ni mizuri ila baridi itaiua. Wakakaa chini wawili, na Projestus akamchorea nyumba kwa kijiti kwenye vumbi.

Nyumba yenyewe, pale kwenye eka, ilimchukua Simioni miezi miwili. Alisimamisha kuta mbili za fito na udongo, moja ndani ya nyingine, zikiachana shubiri moja, na katikati akashindilia makapi ya ulezi na majani makavu ya migomba. Ukiweka mkono ukutani asubuhi, kwa nje palikuwa baridi kama jiwe la mtoni na kwa ndani pana uvuguvugu. Kwa paa aliokota mifuko ya mbolea kwenye shamba la kijiji, akatoa nailoni ya ndani, akaiosha, akaishona kwa uzi wa katani na kuziba matobo ya sindano kwa nta. Akaitandaza mara mbili, matete yakiwa katikati ili tabaka moja lisigusane na jingine. Chini ya kitanda cha miche alichimba mtaro, akaujaza samadi mbichi na kuufunika kwa udongo, maana samadi mbichi hutoa joto. Juu ya ukuta aliacha matundu sita, kila moja la kupitisha ngumi.

Watu walikuja kutazama. Walisema Simioni ameoa mke wa pili, na huyu amejengewa nyumba ya nailoni wakati mkubwa analala kwenye ya nyasi. Bhoke alikuwa akipita na mtungi, akawajibu kwamba mke mwenzake huyo ni mvivu, hajui hata kusaga, lakini angalau hana mdomo kama wao.

Mwezi wa saba miche ilikuwa na jozi nne za majani, kijani kibichi, wakati hata maharage ya nje yalikuwa yamejikunja. Ndipo ikaja habari kutoka Nyansurura kwamba shemeji yake, mume wa dada yake, amefariki. Hakuwa na namna ya kutokwenda. Alimwambia Bhoke atarudi siku ya tatu, na kuhusu miche akamwambia neno moja tu, aitunze kama ndama.

Kwetu huku ndama aliyezaliwa wakati wa baridi haachwi zizini. Huingizwa ndani ya nyumba, na kila tundu la ukuta huzibwa kwa mavi ya ng'ombe. Hakuna ndama aliyewahi kufa kwa joto.

Msibani walimzuia mpaka siku ya kunyoa nywele, kumaliza matanga. Wakati huo huku juu ukungu ulishuka ukakaa siku tatu mfululizo bila jua. Nilimwona Bhoke jioni ya siku ya tatu akipanda juu ya kinu kuziba yale matundu, moja baada ya jingine, vizuri, akilainisha kwa kiganja. Ndani aliongeza samadi mbichi makarai sita, akafunga mlango. Nilimsalimu, nikapita. Nilikuwa nimemsikia Projestus, siku aliyoyachora, akisema matundu yale yasizibwe, lakini nilijiambia mtu hafundishwi nyumba yake na jirani.

Kesho yake jua likawaka mapema, kali. Ilikuwa siku ya shamba la pamoja na majina yanaitwa, kwa hiyo Bhoke alishika jembe alfajiri pamoja nasi sote. Tulirudi saa nane. Alipofungua mlango alirudi nyuma akishika macho. Hewa iliyotoka ilichoma kama vitunguu mia vimekatwa pamoja. Miche ilikuwa imesimama vilevile kwenye mistari yake, lakini majani yalikuwa kama yamepitishwa kwenye moto.

Simioni alirudi siku iliyofuata na kichwa kilichonyolewa. Alihesabu iliyobaki na uhai karibu na mlango, palipokuwa na ufa: arobaini na mitatu. Bhoke alisimama nyuma yake.

"Ulisema kama ndama," alimwambia.

"Nilisema."

Kwa siku kadhaa walionekana wakipishana uani kama watu waliokutana njiani na kila mmoja ana haraka zake.

Kamati haikungoja vuli. Jumamosi waliitisha kikao pale pale kwenye chemchemi. Kabla hawajaanza, Waitara, mtu wa rika lake Simioni aliyekuwa kwenye kamati, alimvuta pembeni. Alimweleza kwamba wajumbe wamegawanyika, na wengi hawana haja ya eka ile, wanataka sababu tu ya kumsamehe. Amtaje mkewe. Watacheka, watasema ni mambo ya wanawake, watampa mwaka mwingine.

Mwenyekiti Nikodemo aliuliza mwenyewe. "Ndugu Simioni, yale matundu alifunga nani?"

"Mimi."

Projestus aliinua kichwa. "Lakini ulikuwa msibani."

"Nilifunga kabla sijaondoka. Niliogopa baridi."

Waitara alitazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nilijua, na sikusimama. Nikodemo alisema kwamba mtu aliyeelekezwa na mtaalamu akafanya kinyume kwa mikono yake hawezi kupewa ardhi ya kijiji achezee. Mikono ikainuliwa. Eka ikaenda.

Nilidhani Bhoke angeshukuru. Wakati watu wanatawanyika alimfuata mumewe mpaka kwenye mlango wa ile nyumba, na hakujali nani anasikia.

"Baba Mniko, kwa nini hukunitaja?"

Simioni alisema hakutaka wanaume wale wamcheke mama wa watoto wake.

"Wangecheka mpaka jioni, kisha wangeenda kula," alisema Bhoke. "Mimi nimechekwa mara ngapi? Sasa heshima yangu unayo. Niambie utaipanda wapi."

Simioni aliingia ndani akaanza kuitoa ile miche arobaini na mitatu, miwili miwili, akiipanga juani. Bhoke alivua kanga ya begani, akaitandika chini, akapakia vikopo vyote vilivyoenea, na kuelekea nyumbani, kwenye kile kipande kidogo nyuma ya jiko walichoruhusiwa kulima mboga. Hakumngoja.

Wiki ile shamba la pamoja lilisogezwa mpaka chemchemi, na trekta ikapita juu ya kuta za ile nyumba ya nailoni.