Mzaramo Aliyejitaja Mbele ya Wanyamwezi

Leo nimempora mgeni kofia jukwaani, na ukumbi mzima umenishangilia!

Tuko kwenye kongamano la teknolojia hapa Tabora. Kapanda jamaa kutoka Dar, kaonyesha programu yake ya simu, halafu kacheka: "Mimi Mzaramo bwana, nimezoea mji. Hapa mkitoka kazini mnakwenda wapi?"

Jamani. Kajitaja mwenyewe!

(Kwa msiojua: Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani akiporwa hakasiriki, anakomboa.)

Nikapanda, nikamvua kofia. "Mtani, utaikomboa kwa kutembea mji na mimi."

Waandaaji macho yakawatoka. Yeye akacheka tu.

Mchana nikampeleka sokoni, akaonja asali ya nyuki wadogo. Akaomba tena! Nikampeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, nikamwonyesha njia ya mababu zangu waliobeba mizigo hadi kwao pwani.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, mtani. Na mlivyotuona tu, mkaanza kututania."

Jioni akashika kipaza sauti mwenyewe: "Naomba mwakani turudi hapa hapa Tabora."

Ukumbi ukalipuka.

Akaja kudai kofia yake. Nikamwambia ataikuta mwakani.

Wazaramo mliomo humu, njooni mumtetee ndugu yenu. Nitawasoma nikiwa nimeivaa.