Vunja Jungu la Bamburi

Naandika habari hizi kwa sababu nimezisikia zikisimuliwa hapa Likoni kwa namna mbalimbali, na hakuna hata moja iliyo sahihi. Wapo wasemao kwamba tulikula mchana wa Ramadhani kwa ukaidi wangu. Wapo wasemao kwamba sufuria nzima ya pilau ilimwagwa baharini. Wasemao hayo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Safari ilikuwa ya vunja jungu, yaani karamu ambayo sisi watu wa pwani hutoka nayo kwenda shamba au ufukweni katika siku za mwisho za Shaaban, tule na kufurahi kabla ya mfungo. Ulikuwa mwanzo wa mwaka ule ambao mwisho wake ulituletea Uhuru. Aliyeitaka safari ni mke wangu, Bi Rukia, na sababu yake haikuwa kula. Wanangu wawili, Athumani na Badi, walikuwa hawasemezani tangu mwaka uliotangulia. Athumani, mkubwa, karani wa bandarini, aliambiwa kwamba mdogo wake amemtia aibu mkewe Athumani barazani kwa kumwita bahili asiyekirimu wageni. Aliambiwa na nani? Na watu. Nilimtaka amwulize ndugu yake mwenyewe. Akanijibu kwamba hakuna haja, habari imekwisha kuenea. Tangu hapo Badi akiingia kwangu kwa mlango wa mbele, Athumani hutokea kwa mlango wa uani.

"Nataka nione mikono yao katika sinia moja kabla ya Ramadhani," mke wangu aliniambia. "Wafungeje na hali wamenuniana?"

Jioni ya ishirini na tisa Shaaban tulisimama nje kuuangalia mwezi. Wingu zito lilikuwa limeziba magharibi yote, nasi hatukuona kitu. Redio nayo haikutangaza lolote, ingawa niliisikiliza mpaka baada ya Isha. Basi kesho yake ilikuwa thelathini Shaaban, siku ya kula kama siku nyingine.

Asubuhi, Likoni. Tulikunywa chai kwa vitumbua, kisha tukapakia vyombo katika lori ambalo Badi alikuwa dereva wake, naye alikuwa ameruhusiwa na tajiri wake alitumie. Kulikuwa na mchele, nyama iliyokwisha kutiwa viungo, samaki wa changu, nazi na mbuzi ya kukunia, mikeka, na kapu la Mwanaisha, mke wa Athumani, lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Mke wangu alikaa mbele na Badi. Athumani alipanda nyuma, akachagua pembe ya mwisho kabisa, kama abiria asiyejuana na mtu.

Juu ya kivuko Badi aliwanunulia njugu watoto wa Athumani, nao wakamzonga: "Ami! Ami, na mimi!" Baba yao akayatazama maji mpaka tukafika ng'ambo.

Tuliupita mji bila ya kusimama, tukavuka Daraja la Nyali, lile lililoelea juu ya maboya na kuyumba kidogo chini ya gari, tukaingia Kisauni. Kutoka hapo barabara hupita katikati ya mashamba ya minazi na mikorosho, na kina mama walikuwa vibarazani wakishona makuti. Ukikaribia kiwanda cha saruji cha Bamburi, majani ya miti ya kando ya njia hubadilika rangi kwa vumbi. Niliambiwa zamani kwamba vumbi lile huua minazi. Niliitazama minazi, ilikuwa imezaa.

Bamburi, kabla ya adhuhuri. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Kazungu, Mgiriama na Mkristo, mwangalizi wa shamba la rafiki yangu linaloshuka mpaka pwani.

"Hodi kwa Mzee Kazungu!"

"Karibu, mwalimu! Ee, mumekuja na nyumba nzima? Mumebakisha paka?"

"Paka amebaki kulinda."

"Basi shukeni. Kivuli cha mivinje kile pale ni chenu. Mimi naangua madafu."

Maji yalikuwa yamekupwa sana, kama ilivyo siku za bamvua, na mwamba ulikuwa wazi mbali huko. Watoto walikwenda kuokota vigamba vya kaure. Mke wangu na Mwanaisha walitia moto. Tui la kwanza la samaki likawekwa kando pamoja na ukwaju na bizari, na harufu ya kitunguu cha pilau ilipopanda, hata Athumani, aliyekuwa amejitenga na gazeti lake, aliligeuza gazeti bila ya kulisoma.

Pilau ilikuwa imekwisha kupaliwa makaa juu ya mfuniko alipopita muuza maziwa juu ya baiskeli yake.

"Jamani, mwala mchana huu?" alipiga kelele. "Mwezi umeandama! Leo mfungo!"

Nilimsimamisha. "Umeuona wewe?"

"La, shekhe. Watu wasema."

"Watu gani?"

"Mwenye duka, Kisauni."

"Yeye ameuona?"

"Ah, babu, mimi nauza maziwa tu," akasema, akaondoka.

Mke wangu alinijia karibu akanena kwa sauti ya chini. "Hiyo ni habari ya mtu wa baiskeli. Sheria yasema ni Shaaban mpaka ithibiti. Pilau i tayari, wanao wote wako hapa. Wapakulie."

Alisema kweli kuhusu sheria. Alijua pia, nami nilijua, kwamba mfungo ukithibiti hakuna sinia. Athumani angewachukua watoto wake akapande basi, kwani kila mtu hupenda futari ya kwanza aifuturu kwake, na Ramadhani ingewakuta wale wawili kama ilivyowaacha Shaaban. Lakini sikuweza kula mbiombio kwa kuikimbia habari ambayo huenda ni kweli.

"Funika," nikasema. "Athumani! Badi!"

"Labeka, baba."

"Nendeni mkaifuate habari hii mpaka kwa aliyeuona mwezi kwa macho yake. Msirudi na neno la 'watu wasema'."

Athumani akasema, "Nitakwenda peke yangu, kwa basi."

"Nataka mashahidi wawili."

"Baba, wewe mwenyewe ndiwe uliyetusomesha kwamba mwezi wa Ramadhani yatosha shahidi mmoja mwadilifu."

"Kwa Kadhi yatosha. Kwangu leo haitoshi."

Mke wangu aligeuka upande akawa anarekebisha leso yake. Athumani akasimama kidogo, akiutafuta mlango wa kutokea. Pale ufukweni hapakuwa na mlango wa uani. Akapanda mbele, kando ya ndugu yake, na lori likaondoka.

Adhuhuri tulisali. Watoto walipakuliwa wakala, maana wao hawamo katika hesabu ya mfungo. Sisi wakubwa tulikaa tukingoja. Mzee Kazungu alikuja na madafu, akakuta hakuna anayeyapokea.

"Mwalimu, mwezi wenu huu ni mgonjwa nini? Kila apitaye auliza hali yake."

"Hatujui bado kama umezaliwa."

"Nasi kwetu Pasaka ipo kwenye kalenda, hatumsumbui mtu. Haya, na pilau hii ikikosa mwenyewe, mnijulishe. Mimi ni jirani mwema."

Mwanaisha alicheka, kisha akaitazama njia. "Wafanya nini hao muda wote huu?" akauliza. "Wasije wakapigana huko."

"Badi hapigani," mke wangu akasema.

"Si Badi ninayemhofia, mama."

Nilikuwa nikitaka kwa moyo wangu wote habari ile iwe uongo. Nalisema hili ili ijulikane kwamba sikuwa nimeegemea upande wa ukaidi wala wa uchaji. Nilitaka pilau iliwe. Lakini kutaka si ushahidi.

Alasiri maji yalikuwa yamejaa karibu na mizizi ya mivinje ndipo lori liliporudi. Niliwahoji mmoja mmoja, Athumani kwanza, na Badi nikamweka mbali asisikie. Athumani alisema mwenye duka alisikia kwa abiria wa basi, na mjini habari ilikuwa kila mahali bila ya mwenyewe. Wakauliza mlango kwa mlango mpaka kwa Kadhi, wakawakuta mashahidi wenyewe wamekaa nje, watu wawili wa Gazi. Huko Gazi wingu lilipasuka mara moja baada ya jua kuzama. Walivuka kivuko asubuhi ileile, nyuma yetu, na Kadhi ameupokea ushahidi wao.

"Pembe za mwezi zilikaaje?"

"Juu, kama mdomo wa kikombe. Tulimwuliza kila mmoja peke yake."

Nikamwita Badi. Akanieleza hayohayo, na kikombe kilekile.

"Mmesemezana?"

"Baba, njia yote ile na kurudi, wadhani tulikuwa twapungiana mikono?"

Basi ikathibiti. Nikatangaza kwamba ni Ramadhani: tujizuie mchana uliobaki, na kila aliyekunywa chai asubuhi atailipa siku hii baada ya Idi. Bi Rukia aliegemea shina la mvinje. Alikuwa akimtazama Athumani.

Athumani aliitazama sufuria. "Mama, pilau itakaa mpaka magharibi?"

"Yakaa, mwanangu. Makaa yapo."

"Basi tungoje hapa hapa."

Kisha akaketi mkekani, akaniambia, "Baba, leo nimeufuata mwezi mpaka mbele ya macho yaliyouona. Maneno ya Badi sikuyafuata hata hatua moja. Njiani nimemwuliza."

"Akajibuje?"

"Asema ni kweli, alisema."

"Nilisema mahamri ya shemeji siku ile yalikuwa magumu," Badi akadakiza. "Basi! Huo ubahili, wallahi, sijui umezaliwa nyumba gani."

"Ala!" Mwanaisha akainuka penye moto. "Mwaka mzima tumenuniana kwa mahamri?"

Magharibi. Nilipaswa kuipa bahari mgongo ili niangalie juu ya minazi, na mwezi ulikuwapo, umepanda juu, nami nikauona. Ukubwa wa mwezi si hoja ya siku zake, lakini kwa macho yangu ule ulikuwa wa siku ya pili. Tulifuturu kwa madafu ya Mzee Kazungu, tukasali, na sinia ya wanaume ikawekwa. Mikono ya wanangu iliingia pamoja, na mama yao aliihesabu kwa macho kisha akaanza kula naye. Mzee Kazungu alipewa sahani yake ya pilau iliyojaa, akasema jirani mwema hulipwa.

Ndipo Mwanaisha akalifungua kapu lake, akamtia Badi hamri mkononi. "Haya, shemeji. Sema papa hapa, mbele yangu."

Badi alitafuna bila ya haraka. "Magumu," akasema. "Lakini haya yameshinda kapuni tangu alfajiri. Yale ya mwaka jana hayakuwa na udhuru."

Mwanaisha alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Athumani akachukua hamri lake, akaling'ata. "Ni kweli, bibi. Magumu."

Tulirudi kwa njia tuliyojia, Kisauni, darajani, mjini, kivukoni. Mimi nilikaa nyuma na watoto waliolala, kwa kuwa mbele palikuwa pamejaa: mama na wanawe wawili, wakizungumza wote kwa pamoja.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wala hatukula mchana baada ya kujua, wala bahari haikupata punje. Na nililojifunza ni hili: kuukataa uvumi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuinuka na kwenda kumwuliza mwenye maneno, nayo ndiyo nzito, kwa sababu huenda akakujibu, "Naam, nilisema." Athumani aliliogopa jibu hilo mwaka mzima, na lilipokuja lilikuwa la mahamri.