Gia Iliyomnyamazia Mzee Ansbert

Habari hii ya mzee Ansbert watu wa Biharamulo mjini hupenda kuisimulia nusu, tena ile nusu ya kuchekesha. Mimi inaniudhi. Mtu akiingiwa na hofu ya kweli, halafu ikamtoka, hiyo si habari ya kucheka tu. Basi nitaisimulia yote, na anayetaka kucheka asubiri, pa kucheka papo.

Ansbert ni fundi magari. Gereji yake iko kando ya barabara ya kwenda Runazi: uwanja wa udongo mwekundu, banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na harufu ya oili ambayo hata mvua za masika hazijaweza kuiondoa. Umri umeshavuka sitini. Alianza akiwa utingo wa lori la ushirika lililobeba kahawa, akaja kuwa dereva wake, akalipandisha na kulishusha kwenye milima ya Ngara ujana wake wote. Lori lile lilikuwa kongwe tangu siku ya kwanza. Likiharibika porini hakuna wa kumwita, unalitengeneza mwenyewe au unalala na fisi, na hiyo ndiyo shule ya ufundi aliyosoma.

Katika shule hiyo chombo kikubwa kilikuwa sikio. Ansbert anao mwiko mrefu wa kusongea ugali. Anagusisha ncha yake kwenye injini inayonguruma, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho kidogo, kisha anasema, "Beringi ya pampu ya maji." Ukifungua, ni beringi ya pampu ya maji. Watu wa Bisibo na Nyantakara walikuwa wakimletea pikipiki, trekta, hata mashine za kusaga unga, na kosa moja tu hukutakiwa kulifanya: kumweleza chombo chako kina nini. Ukianza tu, anakunyamazisha kwa kiganja. "Acha kijieleze chenyewe," anasema. Alikuwa na maringo ya kazi yake, na mimi simlaumu, maana alikuwa nayo kazi ya kuringia.

Sasa ndipo akaja Esperansia na gari lake jekundu.

Esperansia ni nesi mkunga, mzaliwa wa Ngara, mwanamke wa makamo asiyeogopa mtu wala daktari. Alikuwa amelinunua gari hilo kwa mhandisi mmoja wa migodini aliyekuwa anahama: gari la michezo, milango miwili, limeinama chini kama kuku anayetaka kukaa, gia za mkono. Maneno yakawa mengi. Mkunga, mtu mzima, na gari la vijana? Yeye akajibu kwamba katika watoto wote aliowapokea duniani hajatokea hata mmoja aliyemuuliza anaendesha nini.

Shida ya gari ilikuwa moja. Kila akitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, linakwaruza: krrrr! Wakati mwingine na ya tatu pia. Akalipeleka kwa Ansbert, akaanza kueleza, kiganja kikainuka. Haya, akaacha funguo akaenda zamu.

Ansbert akaliendesha peke yake mpaka karibu na Runazi na kurudi. Kimya. Gia ziliingia kama kisu kwenye parachichi. Jioni akamwambia mwenye gari, "Gari lako zima, mwanangu. Labda huikanyagi klachi mpaka mwisho." Esperansia akaondoka, na kabla hajafika kona, krrrr! Akarudi. Ansbert akabadilisha oili ya gia boksi, akaenda tena Runazi peke yake, akarudi tena na jibu lile lile. Gari likaondoka, likakwaruza, likarudi.

Siku liliporudi, Ansbert alikuwa chini ya trekta linalonguruma. Alipotoka akamkuta Fideli, mchomeleaji wa banda la jirani, amesimama getini mikono kiunoni.

"Mzee, hiyo gia umeisikia?"

"Gia gani?"

"Ya nesi! Alivyokuwa anaingia hapa. Sote tumeisikia. Hata mahindi ya kule shambani yameisikia!"

Ansbert akasema yeye hakusikia kitu. Fideli akamtazama, akataka kucheka, akaacha. Huko kuacha kucheka ndiko kulikomchoma mzee. Fideli ni mtu wa kumcheka hata askofu.

Jioni ile Priscila, mkewe, akamwekea chakula na kusema bila ubaya wowote, "Baba Danstan, siku hizi mtu akuite mpaka koo likauke. Nimekuita tangu nikiwa nasonga ugali." Ansbert akanawa mikono.

Aliogopa. Niseme wazi, maana wenzangu hapa ndipo wanaporuka: aliogopa sana. Mara akajikuta anasugua vidole kando ya sikio la kulia, kisha la kushoto, ajue kama yako sawa. Alimsikia jogoo, alisikia redio, lakini akajiambia kwamba uziwi hauji wote kwa siku moja, labda umeanza na sauti za gia. Na fundi asiyesikia ni nani? Ni mzee mwenye spana. Mtu akaleta pikipiki inayogonga injini, Ansbert akamwambia ampelekee fundi mwingine, yeye ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi hata moja. Mwiko ukawa unaning'inia kwenye msumari wake, na yeye anapita hapo akiangalia pembeni.

Utauliza: kwa nini hakupanda tu garini, mwenye gari akaendesha, yeye akasikiliza? Swali zuri. Esperansia aliliuliza pia, na Ansbert akajibu kwamba fundi hapakiwi na mteja, ni mwiko wa kazi. Uongo mtupu. Alichokiogopa ni kukaa pale, mwenye gari aseme "umesikia?", na yeye awe hajasikia. Bora kutojua.

Lakini Ijumaa moja Esperansia alikuja amekaza uso. Jumapili ilikuwa jubilei ya ndoa ya wazazi wake huko Ngara, misa na sherehe, na ile milima hairuhusu mchezo na gia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Acha funguo, nitaliangalia."

"Siachi funguo. Panda. Leo nakuendesha mimi."

"Nilishakwambia, fundi hapak—"

"Mzee," akamkatiza, akashusha sauti ili Fideli asisikie, "mimi nimeshaona wanaume wengi wanaokataa kupimwa. Wote wana sura moja, na ndiyo hiyo uliyonayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Panda."

Ansbert akapanda. Kiti kilikuwa chini mno, magoti yakamfika kidevuni, na yeye akashika mkono wa mlango kama anayepelekwa polisi. Esperansia akawasha, akaweka gia ya kwanza, wakatoka getini. Gari likakolea mwendo, Esperansia akakanyaga klachi, akavuta gia ya pili.

Krrrrr!

Sauti mbaya, kama sufuria tupu inayoburuzwa juu ya mawe. Iliingia masikio yote mawili mpaka kwenye meno.

"Nimesikia!" Ansbert akapiga ukelele. "Nimesikia! Rudia!"

"Nirudie nini?"

"Ikwaruze tena!"

"Mzee wee! Hili ni gari langu!"

"Mara moja tu, mwanangu, nakuomba!"

Esperansia akarudia, huku amekunja uso kama anayechomwa sindano yeye. Krrrrr! Na mzee Ansbert, mtu mzima mwenye wajukuu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakashuka, akayaacha yashuke. Esperansia akaegesha gari pembeni ya shamba la mihogo na kuzima injini. Akadhani mzee amepatwa na jambo.

"Nilijua nimekuwa kiziwi," Ansbert akasema alipopata pumzi. "Nimekaa na hilo, sijamwambia mtu. Hata Mama Danstan sijamwambia. Nikasema basi, kazi yangu imekwisha."

Esperansia hakucheka. Akamshika bega. "Pole sana, mzee wangu. Siku zote hizo umelibeba peke yako?"

"Peke yangu."

"Na ungeniuliza hata mimi! Si kazi yangu?"

"Sasa Mama Danstan ananiita, mbona simsikii?"

"Mzee, wanaume wasiowasikia wake zao nikiwaandikia rufaa wote, wodi za mkoa mzima hazitatosha. Wewe akili yako ilikuwa kwenye hili gari, basi."

Hapo ndipo wakacheka wote wawili, na hapo ndipo pa kucheka.

Lakini swali likabaki. Ansbert anaisikia gia, na gia kweli inakwaruza. Kwa nini basi kwake haikwaruzi? Wakabadilishana viti. Ansbert akaendesha: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya kabisa. Esperansia mwanzoni alikuwa anatazama mkono wake kwenye gia. Kisha, kwa mazoea yake ya kumkagua mgonjwa mwili mzima, akatazama chini.

"Mzee, hebu simama. Mguu wako wa kushoto unafanya nini?"

"Unakanyaga klachi. Ulitaka ukanyage nini?"

"Mara ngapi?"

"Mara mo..." Ansbert akajibu, akabadili gia pole pole akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mguu ukakanyaga, ukaachia, ukakanyaga tena. "Ala!"

Chanzo kilikuwa lile lori la ushirika. Lori lile lilikuwa halikubali gia mpaka ukanyage klachi, utoe gia, uachie, ukanyage tena ndipo uingize. Ukikanyaga mara moja tu lilikuwa linapiga kelele ya kuaibisha, na kwenye mlima linakurudisha nyuma na kahawa ya watu. Basi mguu wa Ansbert ulijifunza ukiwa kijana, na hakuna aliyewahi kuuambia kwamba magari yamebadilika. Mazoea yana taabu. Ameendesha magari ya watu miaka yote hiyo akikanyaga mara mbili bila kujua, na si utingo wake wa zamani wala mkewe aliyeona kitu, kwa kuwa nani anatazama mguu wa dereva?

Na mguu ule ndio uliokuwa unamficha ugonjwa wa gari. Ansbert alilielewa jambo hilo pale pale, na uso wake ukarudi ule wa fundi.

"Gia boksi haina kosa hata kidogo," akasema. "Ukikanyaga mara moja klachi haiachii yote, gia zinasagana. Ukikanyaga ya pili, mafuta yanayoisukuma klachi yanajaa, inaachia. Kwa hiyo kuna mahali panavuja, na upepo umeingia kwenye mafuta hayo. Nilitaka kukufungulia gia boksi nzima, mwanangu. Ningekuua kwa gharama bure."

"Kumbe ni kitu kidogo?"

"Kidogo sana."

Wakarudi gereji. Ansbert akaingia shimoni na taa, akaipata silinda ndogo ya klachi ubavuni mwa gia boksi, akavuta kifuniko chake cha mpira: ndani mmelowa. Raba ya kuzuia mafuta ilikuwa imelika upande mmoja. Akaenda dukani kutafuta nyingine ya kipimo kile, akaivisha, akairudisha silinda mahali pake, akajaza mafuta ya breki. Ikabaki kutoa upepo, na kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini, mwingine kwenye klachi. Esperansia akavua viatu, akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga!" Ansbert akaita kutoka shimoni. "Shikilia! Shikilia hapo hapo! Haya, achia pole pole!"

"Mzee, hayo maneno ni yangu! Mimi ndiye huwa nawaambia watu hivyo!"

"Basi leo zaa wewe! Kanyaga tena!"

Fideli aliacha kuchomelea, akaja kusimama karibu, miwani yake ya kazi juu ya kipaji cha uso. Mapovu yakatoka, yakapungua, mwisho mafuta yakaja matupu. Ansbert akafunga, akapanda juu, akajifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nikuachie ukajaribu?" Esperansia akauliza.

"Mimi? Na mguu huu? Endesha mwenyewe. Mimi napakiwa."

Akapanda bila kubembelezwa, magoti kidevuni. Wakaishika barabara ya Runazi, jua limeanza kulala upande wa mashamba. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Esperansia akarudi ya pili makusudi, akaenda ya tatu tena, ya nne. Ansbert alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho. Wakavuka daraja.

"Umesikia kitu?" mwisho mzee akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Hata mimi sijasikia."

Akafumbua macho, akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu apande, miguu akainyoosha ilivyowezekana. Esperansia akapunguza mwendo atafute mahali pa kugeuzia. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Twende mbele kidogo," akasema. "Tuendelee kutosikia."