Kitabu cha Maumivu cha Baba Mkwe

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mau Narok. Jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari ya watoto, kulikuwa na kitabu kingine cha kujaza: cha baba mkwe.

Saratani ya tezi dume ilikuwa imemfika mifupani, na sindano za homoni zilikuwa zimeacha kumsaidia. Ndipo daktari mmoja wa Nairobi akamweleza kuhusu majaribio: dawa mbili za kemo pamoja, kwa dripu, kila baada ya wiki tatu.

"Sijui kama mbili zitashinda moja," daktari alisema. "Ndiyo maana tunajaribu."

Mzee akaweka alama ya kidole gumba kwenye fomu ya kukubali. Hakujua kusoma, mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mume wangu alikuwa mbali akiendesha mashine ya kuvuna ngano. Kitabu cha kuandika hali yake kila jioni nikapewa mimi.

Kwetu mke wa mwana hamuulizi baba mkwe ameamka mara ngapi kukojoa. Kwa hivyo yeye alikaa mlangoni akiangalia shamba la viazi, mimi nikakaa ndani nyuma yake.

"Maumivu, kutoka sifuri hadi kumi?"

"Andika sita, mwalimu."

Miezi ya kwanza alijibu ukweli. Nywele ziliisha. Tukirudi kutoka Nairobi na pikapu ya jirani, alitaka tufunge madirisha kabla ya vibanda vya Kikopey, maana harufu ya nyama choma ilimtapisha. Lakini hakukosa dripu hata moja.

Januari iliyofuata, ghasia za baada ya uchaguzi zikafunga barabara na tarehe yake ya dripu ikapita. Nesi akaniambia kwa simu kwamba daktari ataangalia kama mzee ataendelea. Nikampa ujumbe vile vile ulivyokuja. Kuanzia siku hiyo maumivu yakawa mbili. Kila jioni, mbili. Asubuhi nilimwona akishika nguzo ya ua kwa mikono yote miwili ndio asimame, na jioni nikaandika mbili. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mgongo wa mtu mzima.

Barabara ilipofunguka tukaenda. Daktari alisoma kitabu, kisha akamtazama mzee akishuka kitandani huku ameuma meno.

"Mwalimu, hii mbili ni ya kweli?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Si kweli. Ningesema nane mngenitoa."

"Singekutoa kwa sababu ya nane, mzee wangu. Ningekupa dawa ya maumivu."

Mzee aliinamisha kichwa. Wiki zote hizo aliumia bure, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Vipimo vilionyesha ugonjwa umeendelea kuenea licha ya dawa zote mbili, akatolewa kwenye majaribio siku hiyo hiyo. Daktari alituomba tusahihishe kurasa: tusifute, tupige mstari, tuandike ukweli kando. Tulikaa kwenye benchi ya korido, na kwa mara ya kwanza mzee alinigeukia.

"Nane," alisema. "Nane. Hiyo siku ya mvua, tisa."

Niliandika mpaka ukurasa wa mwisho. "Nisamehe, baba."

"Wa kuomba msamaha ni mimi, mwalimu. Nilikubebesha uongo."

Tulirudi na chupa ya mofini ya kunywa. Usiku ule alilala mpaka kukapambazuka, nami nikalala hivyo hivyo, na nguo zangu za safari. Alifariki miezi mitatu baadaye, mchana, mume wangu akiwa kando yake. Baada ya mazishi nilipumzika siku mbili, kisha nikarudi darasani.