Mkimbiaji Asiyekula Nasi

Nettie Woloshyn alifunga mlango wake kwa ufunguo katika kijiji ambacho wengine walikuwa wamesahau funguo zao ziko wapi. Ukimpelekea kopo la jamu atakushukuru vizuri, kisha atalinusa mbele yako. Aliendesha basi la shule tangu usichana wake mpaka shule ikakosa watoto, na miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuamini kona, barafu, wala mtoto aliyenyamaza.

Mumewe, Metro, aliugua figo. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mjini, mbali, na kila juma walikwenda na kurudi katikati ya theluji, hadi mzee wa watu akafariki. Kwa hiyo muuguzi wetu Arlene Friesen alipoanzisha mbio za hisani za kupokezana kijiti, kijiji hadi kijiji, ili mashine kama ile isogezwe karibu, tulidhani Nettie atalia. Badala yake alitoa sharti.

"Nitaendesha gari la nyuma," alisema. "Mkiwa mbele yangu, nitawaona."

Mimi nilikuwa mpishi wa msafara na kiti changu kilikuwa kando ya chake. Ninayosimulia niliyaona, au niliyatoa mdomoni mwa Nettie kwa taabu.

Wakimbiaji karibu wote tuliwajua: wana wa fulani, wakwe wa fulani. Mmoja tu, Wade Thiessen, alitokea jimbo la Manitoba peke yake. Mtu wa makamo, mrefu, mpole, mwenye jina la Kijerumani na uso wa Kikrii, wa wenyeji wa asili wa Kanada. Alikimbia vizuri kuliko wote, juani, mbu wakimla shingo, na hakulalamika. Hilo peke yake lilimtosha Nettie.

"Mtu asiyelalamika kwenye changarawe hii," aliniambia, "ana jambo lake."

Na kweli, jambo lilikuwepo. Kila tulipofika, wanakijiji walitupokea ukumbini kwa pirogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, zilizokaangwa na vitunguu, na pai za matunda ya porini. Sisi tukila, Wade alitoweka. Huko Ostrow alionekana akichungulia nyumba ya wazee. Kijiji kilichofuata, alikaa mkahawani na wakongwe, akawauliza ni mashamba gani hapo zamani yalikuwa na watoto wa kulea, na nani bado anaishi huko. Nettie alipopata habari hiyo alimwendea Arlene.

"Yule anachagua nyumba. Anatafuta vikongwe wanaoishi peke yao."

Arlene alicheka. "Dada Nettie, wewe hata mvua unaishuku."

"Ndiyo maana siloi."

Tulipofika Hebden ikaja simu kutoka Tallow Creek, tulikopita jana yake: msumeno wa mashine wa mzee mmoja haupo bandani. Habari ikazunguka meza kabla chai haijapoa. Hakuna aliyetaja jina, ila kiti kilichokuwa karibu na begi la Wade kikabaki kitupu, na mimi nikauvuta mkoba wangu ukaja miguuni. Wade mwenyewe hakuwepo.

Nettie akainuka. Alimkuta kwenye ujia wa nyuma wa ukumbi, walikotundika picha za madarasa ya shule iliyofungwa. Alikuwa ameinama, uso karibu uguse kioo.

"Unatafuta nini humo?"

Wade alishtuka, akanyooka. "Mtu, mama."

"Watu wako ukumbini, wanakula. Hao ni karatasi."

Akaeleza. Alizaliwa kaskazini, kwa Wakrii. Akiwa na umri wa miaka mitatu watu wa serikali, waliokuwa wakiwagawa watoto wa Wakrii kwa familia za wazungu, walikuja na gari wakamchukua pamoja na dada yake, Delphine. Yeye akapelekwa kwa akina Thiessen, dada yake akapewa mkulima wa ngano upande huu, hakujua wapi. Ofisi alizoziandikia zilimjibu kwamba mambo hayo yamefungwa.

"Ungeweza kuja tu ukauliza," Nettie alisema. "Kwa nini ujifiche ndani ya mbio zetu?"

"Mama, nikigonga mlango wa shamba nikiwa hivi nilivyo, wanaita polisi. Nikigonga nimevaa fulana ya hisani, wananikatia keki."

Nettie alisogea karibu. Akamsaili kama hakimu: gari la rangi gani, majira gani, nani aliyemtajia jina la dada. Mengi Wade hakuyajua, na alisema hayajui. Nettie aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomsumbua, maana mwongo angejua kila kitu.

Halafu kulikuwa na msichana. Miaka ya mwanzo ya basi lake, Nettie alikuwa akimchukua mtoto wa Kikrii kwenye lango la shamba la ngano la mtu aitwaye Kvale. Walimwita Della. Alikaa nyuma ya dereva kila siku na hakusema neno mwaka mzima. Nettie aliwahi kumuuliza Kvale kulikoni, na Kvale akamjibu, "Wewe shika usukani wako."

Della hakuhama. Sasa ndiye aliyeendesha greda la manispaa, akisawazisha barabara zilezile za mbio zetu. Lakini Nettie hakumwambia Wade lolote. Alichukua gari, akaenda kumtafuta Della barabarani, akamkuta na kumpungia asimame. Nilikuwepo.

Della aliteremsha kioo, injini ikiunguruma. Nettie akamweleza.

"Anataka nini?" Della aliuliza.

"Anasema hataki kitu."

"Wasiotaka kitu ndio wabaya, Mama Woloshyn."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo."

"Walishanijia wengine. Mmoja alijiita binamu, akalala kwangu wiki nzima, akaondoka na bunduki yangu." Akapandisha kioo, kisha akakishusha tena. "Ana sura gani?"

"Kama wewe ukinyoa nywele."

Della hakucheka. Akaondoka na greda lake, vumbi likatufunika.

Jioni ile ikaja simu nyingine: msumeno umeonekana, shemeji wa mzee alikuwa ameuazima bila kuaga. Hakuna aliyemwomba Wade radhi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemtuhumu kwa mdomo. Mtu mmoja alimwekea kipande kikubwa cha pai. Alikila taratibu, akitutazama mmoja mmoja, na nadhani alikuwa ameelewa yote.

Asubuhi kijiti kilikuwa mkononi mwake. Tulipotoka tu Hebden, greda lilikuwa limesimama kando ya barabara, na Della ameketi juu, hateremki. Wade aliuona ule uso uliofanana na wake, akapunguza mwendo. Akatugeukia, na Nettie akamwitikia kwa kichwa: ndiyo, ni yeye. Arlene akamtuma mkimbiaji mwingine apokee kijiti, mbio zikaendelea. Sisi tukabaki.

"Wanasema wewe ni mdogo wangu," Della alisema kutoka juu. "Unakumbuka nini?"

"Sikumbuki kitu."

"Hata kimoja?"

Wade alitazama mawe miguuni pake. "Giza. Ndani ya gari. Kuna mtu aliniziba macho kwa mkono, akakataa kuutoa. Mkono ulinuka moshi. Nilikuwa nikilia nione."

Della alizima injini. Sauti yake ilikuwa ya chini mno kwa mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Mama alikuwa anakimbia nyuma ya gari. Sikutaka umwone anavyoanguka."

Akateremka. Hawakukumbatiana. Alikuja akasimama mbele yake, akamtazama kama mtu anayekagua daraja kabla ya kupita, kisha akamshika mkono juu ya kiwiko, asiuachie.

Nettie alipenga kamasi. Halafu, kwa kuwa alikuwa Nettie, akasema, "Bado mtapima mate hospitalini. Machozi si kipimo."

Walipima. Majibu yalirudi wakati wa mavuno, nayo yalisema ni ndugu, baba mmoja, mama mmoja. Kufikia hapo Wade alikuwa amepanga chumba Hebden, na walikuwa wameshagombana mara kadhaa: yeye aliomba mezani kabla ya kula, na Della hakutaka kusikia sala nyumbani mwake.

Kabla ya theluji walikwenda kaskazini, Nettie akiendesha. Mama yao alikuwa amekufa zamani. Walielekezwa kwa shangazi yao, kikongwe aliyeishi kando ya ziwa. Alikuja mlangoni, akawatazama kupitia wavu wa mbu, muda mrefu, bila kufungua.

"Nani kawatuma?" aliuliza.

"Hakuna, shangazi," Della alisema. "Tumejileta."

Kikongwe akawatazama tena, mmoja, kisha mwingine. Alitoka akamfunga mbwa kwanza, ndipo akawasogezea viti.