Bibi Nukta na Jino la Mpiga Tarumbeta

Jina la Bibi Nukta alibandikwa na madaktari vijana, tena kwa kejeli. Muuguzi huyo wa chumba cha meno, mwaka wa ishirini na sita kazini, hakuiacha picha ya eksirei impite bila kuipapasa kwa kidole gumba. Kila filamu ya jino ina nukta iliyotuna upande mmoja. Ikikutazama, picha imekaa sawa. Ikikupa kisogo, kushoto kumegeuka kulia. Vijana walimwiga wakipapasa hata vikombe vya chai. Naye aliwaacha wacheke.

Asubuhi hiyo alilala kitini mpiga tarumbeta. Zamani mpira ulimgonga mdomoni, na jino moja la mbele likafa kimyakimya. Juu ya mzizi wake ukaota uvimbe wa maji uliokuwa ukila taya, ingawa kwa nje jino hilo na jirani yake yote mawili yalikuwa meupe pe.

"Nitapiga tena, daktari?"

"Kifuko hicho cha maji kikitoka chote, meno yatabaki."

Ganzi ilipokolea, daktari mgeni kazini, mwenye haraka zake, akaitundika picha mwenyewe na kuomba kisu. Kumkosoa daktari mbele ya mgonjwa si mchezo.

"Naomba niipapase picha kwanza," akasema.

"Mama, tumeshachelewa."

"Nusu dakika tu, mwanangu."

Akavua glavu, akapitisha kidole. Palibonyea: nukta ilikuwa imempa kisogo. Akaigeuza picha, na uvimbe ukahamia juu ya jino la pili. Daktari alilitazama jino zima ambalo nusura alikate mzizi, akaurudisha mkono aliounyosha kupokea kisu.

Kifuko kilitoka kizima, kikubwa kama harage. Ncha ya mzizi mbovu ikakatwa na kuzibwa, jino likabaki.

Baada ya miezi sita mpiga tarumbeta alirudi, mfupa umejaa pale ulipokuwa umeliwa. Daktari akamweleza yote mbele ya wenzake. "Huyu mama ndiye aliyenizuia," alisema. Kutamka hivyo kunataka kifua, na hapo lazima tumpe haki yake.

Mpiga tarumbeta akafungua kasha lake, akapiga wimbo mzima palepale, wagonjwa wakichungulia mlangoni. Bibi Nukta alisimama wima, fahari imemjaa, wala hakujisumbua kuificha.

Kesho yake mmoja wa wale madaktari vijana waliopapasa vikombe alikuja na picha mkononi.

"Bibi Nukta," alisema, na safari hii hakucheka, "nipapasie na hii."