Kompyuta Iliyomsemea LaVonne

LaVonne Sandvik alikuwa mwanamke wa maneno. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitaja namba za mchezo wa bingo kila Alhamisi katika ukumbi wa chini ya kanisa letu hapa Duluth, na wengi tulikuja kumsikiliza yeye kuliko kutafuta ushindi. Kila namba aliichomekea utani kwa mtu aliyeketi mbele yake, na aliyetaniwa alirudi nyumbani amefurahi kuliko aliyeshinda.

Kisha akapata saratani ya koo. Madaktari walimkata, wakamtoa kikoromeo, na uhai ukabaki lakini sauti ikaenda.

Hospitali ilimpa programu ya kompyuta ya kumsemea. Yeye aliandika, akabonyeza, na spika ikasema. Ilikuwa sauti ya kiume, bapa, isiyopanda wala kushuka, tena jina lake lenyewe ililitamka vibaya. Mwanzoni aliichukia. Baadaye akaizoea, halafu akaifanya yake. Alihifadhi humo salamu, vichekesho, na maneno makali ya kumjibu dada yake Marlys. Kila Jumapili baada ya ibada mjukuu wake Annika alipiga simu kutoka Fargo, na LaVonne aliusogeza mkono wa simu kwenye spika, wakacheka, mmoja kwa sauti na mwingine kwa mabega.

Mumewe Orrin alikuwa amestaafu. Alifanya kazi ya umeme katika maghala ya nafaka bandarini, na maishani mwake hakuwahi kuona kitu kilichoharibika akakipita bila kukitia bisibisi. Wakati wa ugonjwa ule alikaa kwenye viti vya hospitali mikono mitupu. Kompyuta ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya maradhi ya mkewe ambayo angeweza kuifungua.

Nayo ilikuwa kuukuu. Ilikuwa ya nyumbani tangu binti yao alipokuwa shuleni, rangi yake imegeuka ya njano kama meno ya mvutaji. LaVonne alipobonyeza, ilinguruma na kufikiri weee, ndipo ikasema. Wanawake walipokuja kunywa kahawa, mmoja alitoa kichekesho, LaVonne akaandika jibu, na jibu lilitoka wakati wenzake wameshahamia habari za msiba. Wakamtazama kwa kushangaa. Orrin, aliyekuwa mlangoni, aliona uso wa mkewe.

"Nitaifanya iende mbio, mama," alimwambia jioni ile. "Naiongezea kumbukumbu, naipa diski kubwa. Utaongea kama zamani."

LaVonne aliandika. Kompyuta ikanguruma.

"Usiiguse," ikasema.

"Ni kazi ya asubuhi moja tu."

"Inanitosha hivi ilivyo, Orrin. Usiiguse."

Orrin alirudisha bisibisi mfukoni. LaVonne alidhani amekubali.

Karibu na Krismasi LaVonne alikwenda kwa Marlys kupika lefse, ile mikate yetu myembamba ya viazi, kazi ya kutwa nzima. Gari la Marlys lilipopinda kona tu, Orrin alishafungua kifuniko.

Vipande vipya vya kumbukumbu viliingia kwa shida. Mashine ikawashwa, ikalia pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Akavitoa, akavibadilisha nafasi, ikalia tena. Mwisho akagundua kwamba ilivitaka viwiliwili vinavyofanana, na yeye alikuwa amenunua visivyofanana. Akaviacha, akahamia kwenye diski. Diski mpya ilikuwa kubwa mno kwa kompyuta ya umri ule. Iliitambua nusu nusu, ikaganda. Akairudisha ile ya zamani, na kwa haraka akauchomeka waya kinyume. Kingo za bati zilikuwa zimemchana vidole, damu ikadondokea kwenye meza ya jikoni. Alipokuwa akiufuta mkono, skrubu moja ilimponyoka ikaingia ndani. Aliitafuta, hakuiona, akaona ni skrubu tu. Akawasha.

Kulisikika mlio mdogo, kama wa kijiti kukatika. Ukafuata moshi mwembamba wenye harufu ya kitu kichungu.

LaVonne aliporudi na sahani ya lefse alimkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyo wazi. Hakuvua koti. Alichukua kibao cha kuandikia alichopewa hospitalini na kalamu, akaandika: *Inasema?*

"Bado kidogo," Orrin alisema. "Kesho."

Kesho haikufika. Orrin aliihamishia mashine kwenye chumba cha nyuma, na siku zikawa wiki. Alikwenda kwa Duane, mwenye duka la mitumba lililojaa kompyuta zilizokufa hadi darini.

"Mzee, hii ni ya enzi za Nuhu," Duane alimwambia. "Mnunulie mama mpya, hii fugia kuku."

"Nitafutie bodi ya ndani kama hii iliyoungua, maneno weka."

"Kama hii? Hata walioiunda wameshaisahau."

Duane alipekua, akampa bodi iliyofanana kidogo. Ilikuwa na vibanio vya kuunganishia umeme, vidogo kama punje za mchele, ambavyo kila kimoja lazima kikae mahali pake, na hakuna aliyejua mahali pake ni wapi. Orrin alivihamisha kwa kibano cha nyusi cha mkewe, akajaribu, akahamisha tena. Betri ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila alipozima, mashine ilisahau alichoifundisha. Alikuwa akiitukana kwa sauti, na LaVonne akiyasikia matusi kupitia ukutani.

Simu ya Jumapili ililia. LaVonne aliitazama ikilia. Orrin alitoka mbio chumba cha nyuma akaishika.

"Bibi hajambo," alisema. "Kompyuta inatengenezwa. Wiki ijayo utaongea naye."

Wiki iliyofuata alisema hivyo hivyo. Baadaye Annika akaacha kupiga. LaVonne naye akaacha kuandika. Alikiweka kibao juu ya jokofu, akawa anaonyesha kwa kidole tu: chumvi, mlango, dawa. Bingo hakwenda tena, hata kukaa. Wakala chakula cha jioni wakisikilizana wakitafuna.

Marlys ndiye aliyesema. Alimfuata Orrin chumba cha nyuma, akasimama juu yake na mkoba begani.

"Shemeji, hivi unatengeneza nini humu?"

"Unaona mwenyewe."

"Namwona dada yangu. Koo alinyang'anywa na ugonjwa. Hili la pili umemnyang'anya wewe."

"Nilitaka kumsaidia, Marlys."

"Alikuomba?"

Orrin aligeukia mashine. Alishika bisibisi bila kuitumia mpaka aliposikia mlango wa mbele ukifungwa.

Mashine iliwaka mwishoni mwa Februari. Diski ya zamani ilikwaruza, ikashika, na programu ikafunguka na maneno yote ya LaVonne yakiwa yamejipanga kwenye kioo. Orrin alimwita. LaVonne alikuja akifuta mikono kwa aproni, akaketi, akachagua salamu ya Annika, akabonyeza.

Kimya.

Alibonyeza tena. Orrin alichungulia nyuma, akatikisa waya, akabadilisha spika. Moshi ule ulikuwa umeondoka na kadi ya sauti pia, na programu ile haikuijua kadi nyingine yoyote duniani. Alizijaribu zote alizokuwa nazo Duane.

LaVonne hakukasirika, na hilo lilimwuma Orrin zaidi. Aliketi akiyasoma maneno yake mwenyewe polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayepitia nguo za marehemu. Kisha akaandika hapo hapo kwenye kioo, na Orrin akasoma akiwa nyuma ya bega lake: *Mwambie binti yetu alete mpya. Wewe usiifungue.*

"Sawa," Orrin alisema. "Sitaifungua."

Mpya ililetwa. Ilisema papo hapo, bila kunguruma. Maneno ya zamani hayakukubali kuhamia, basi LaVonne aliyaandika upya akiyasoma kwenye kioo cha ile bubu. Mengine aliyaacha. Orrin alijitolea kumsaidia kuchapa, LaVonne akamkatalia kwa kutikisa kichwa. Yapo mambo kati yao ambayo tangu siku hizo hayakurudi yalivyokuwa, na sote tunaokaa mtaa ule tuliyaona: Orrin alianza kubisha hodi hata kwenye mlango wa jikoni kwake mwenyewe.

Mwezi Machi Orrin aliingia kutoka kufagia theluji, akasikia sauti ya msichana mgeni ikizungumza jikoni, changamfu, ikicheka vizuri. Alivua buti, akajipapasa nywele, akaingia kumsalimia mgeni.

LaVonne alikuwa peke yake, mkono wa simu ukiwa kwenye spika ya kompyuta mpya. Upande wa pili Annika alikuwa akiuliza, "Halo? Ni nani mwenzangu?"

"Ni bibi yako," ilisema sauti ya msichana. "Nizoee."

Orrin alisimama pale na soksi zake zilizolowa, asijue aende au akae. LaVonne alimtazama kwa muda, halafu kwa mguu akamsogezea kiti.